Kwa saa, kwa kazi nzima au kwa mwezi? Bei ya kazi ya hifadhidata tukiwa Arua, Uganda

Hajji aliniwekea flashi juu ya kaunta, katikati ya katoni za sabuni. "Kijana wangu, wateja wote wako humo na madeni yao yako humo. Nataka nikibonyeza jina, deni litoke. Kiasi gani?" Nikamtajia 800,000 papo hapo, nimesimama, flashi bado sijaichomeka popote. Akasema 700,000. Tukavutana kidogo, tukaishia kwenye 800,000 ileile kwa sharti kwamba nitamfundisha na binti yake kuitumia. Nilitoka dukani nikijiona mjanja. Kichwani nilikuwa nimehesabu siku mbili, yaani saa 16, na nikaona kila saa nimeiuza 50,000.

Usiku nikaifungua faili. Mistari elfu kumi na moja na ushei. Mteja mmoja wa Koboko alikuwa ameandikwa kwa namna tano: Mohamed, Muhammad, Mohd, Mohamed Koboko, na mahali pengine "yule wa Oraba". Namba za simu zilikuwa zimepoteza sifuri ya mbele, kwa sababu Excel ikiona 0772 huichukulia kama hesabu na kubakiza 772. Hayo yote yana dawa. Kilichonikalisha kitako ni safu ya madeni. Wateja wa Hajji wanatoka Kongo kupitia Vurra na Sudan Kusini kupitia Oraba, wengine wanakopa kwa dola na wengine kwa shilingi. Karani alikuwa akiandika 350 akimaanisha laki tatu na nusu, na mstari unaofuata 350 akimaanisha dola mia tatu na hamsini, ambazo zinapita milioni moja na laki mbili. Hakuna alama yoyote ya kutofautisha. Ilibidi nikae na yule binti tufungue madaftari ya karatasi, deni kwa deni.

Saa 71. Niliziandika zote. Kujenga majedwali na ripoti kulinichukua saa 14, na saa 57 zilizobaki zilimezwa na kusafisha. Gawanya 800,000 kwa 71 upate 11,268 kwa saa, kabla ya bando, boda na kodi.

Tangu hapo, mtu akiniuliza kati ya kutoza kwa saa, kwa kazi nzima na kwa mwezi ipi ni bora, namrudishia swali: data ikitokea kuwa chafu kuliko mlivyodhani, nani atabeba huo mzigo? Ukiweza kujibu hilo, umeshachagua nusu ya bei.

Kabla ya kulinganisha: saa yako ni shilingi ngapi?

Njia zote tatu zinakaa juu ya namba moja. Wengi wetu namba hiyo tumeiokota kwa rafiki au kwenye tangazo la kazi. Mimi niliitafuta hivi, na yako itakuwa nyingine kwa sababu maisha yako ni mengine.

Kwa mwezi nahitaji 2,400,000 mkononi: nyumba, chakula, ada, matibabu, na wale wa nyumbani ambao hawakosi. Gharama za kazi yenyewe ni kama 600,000: bando (data ya intaneti inatozwa asilimia 12 tangu Julai 2021, ilipoondolewa ile kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku), betri ya kunusuru umeme ukikatika, seva ya kukodi, na akiba ya laptopu ijayo. Halafu URA, mamlaka ya mapato. Kipato kinachozidi 410,000 kwa mwezi kinaingia kwenye asilimia 30, kwa hiyo ili nibaki na 2,400,000 lazima niingize kama 3,290,000 baada ya kutoa gharama. Usijipe moyo kwamba utajificha kwenye kodi nyepesi ya wafanyabiashara wadogo inayohesabiwa kwa mauzo, maana sheria imewatoa humo wanaouza huduma za kitaaluma.

Jumla ni 3,890,000 kwa mwezi. Sasa saa. Siku 22 mara saa 8 ni 176, lakini hakuna anayeuza saa 176. Kuna kutafuta wateja, kuandika kotesheni, kufuatilia malipo, kusubiri umeme, kusoma, na kunywa chai na mteja ambaye hatanunua. Mimi huuza kama saa 80. Hapo saa inakuwa 48,625, nami nasema 50,000.

Ukiona namba yako ni kubwa mno, angalia kwanza idadi ya saa unazouza kabla hujaanza kuikata.

Kwa saa

Hii ndiyo lejaleja, kibarua cha kutwa cha shambani: unalima, jua likizama unahesabiwa. Uzuri wake ni kwamba uchafu wa data unabaki kwa mwenye data. Kila "350" isiyo na alama inalipiwa.

Ubaya wake wa kwanza uko upande wa mteja, na ana haki. Hakuoni ukifanya kazi, hajui kama umechelewa kwa ugumu au kwa uvivu, na hajui mwisho ni lini. Mfanyabiashara wa Arua ambaye kila kitu dukani kwake kina bei iliyotajwa atakuona kama mtu anayemwomba asaini karatasi tupu.

Ubaya wa pili uko upande wako: unaadhibiwa kwa ujuzi. Niliwahi kuitiwa ripoti ya mauzo iliyokuwa ikichukua dakika sita kutoka. Nikakuta jedwali la mauzo halina faharasa (index, kama ile ya nyuma ya kitabu) kwenye tarehe wala kwenye namba ya mteja, kwa hiyo kila swali linalazimika kusoma jedwali lote. Nikaongeza faharasa mbili, ripoti ikawa inatoka kwa sekunde mbili. Dakika 40 kazi nzima. Kwa saa hiyo ni 33,000, na kujua pa kuangalia kulinigharimu miaka.

Ndiyo maana kwa saa nina kima cha chini cha saa tatu, yaani 150,000, hata kama nitamaliza kwa dakika kumi. Kwa kazi za uokoaji baada ya saa za kazi natoza mara moja na nusu. Hili nalo nimelilipia. Shule moja ilinipigia Jumamosi jioni, mfumo wa ada haufunguki na wazazi wanakuja Jumatatu. Ilikuwa faili ya Microsoft Access, na mtu alikuwa amehifadhi picha za wanafunzi ndani yake hadi ikafika ukomo wa GB 2, ambao Access haiuvuki. Nilikesha nikiitoa data na kuihamishia kwenye mfumo mwingine wa hifadhidata, PostgreSQL. Asubuhi wakauliza deni, nami kwa aibu nikasema, "Nipeni ya nauli tu." Wakanipa ya nauli, kweli.

Kwa saa inakaa vizuri kwa mteja wa nje ambaye tayari amezoea, kwa uokoaji, na kwa kazi ambayo hakuna anayejua kina chake. Kwenye majukwaa ya kazi za mtandaoni kama Upwork kumbuka kuna makato yao. Kwa miaka miwili yalikuwa asilimia 10 kwa wote, na tangu 2025 yanabadilika kwa kila mkataba kati ya 0 na 15. Itaje bei yako ukiwa umeshayaweka ndani.

Kwa kazi nzima

Hii ni ngwe: kipande kimepimwa, ukimaliza saa tano asubuhi ni bahati yako, ukimaliza usiku ni shida yako. Wateja wengi wa hapa wanaipenda, na baadhi hawana njia nyingine. Shirika lisilo la kiserikali lenye utaratibu wa manunuzi linataka kotesheni yenye namba moja chini, lilinganishe na nyingine mbili, litoe LPO, yaani hati ya kuagiza kazi. Ukiwaandikia "50,000 kwa saa, tutaona" umejitoa mwenyewe.

Ni bei nzuri kuliko zote pale ulipoiona data. Ni mtego pale ambapo hujaiona. Kati ya hizo mbili hakuna nyingine niliyokutana nayo, na ndiyo maana siku hizi nauza kuangalia kabla ya kuuza kazi. Saa tatu, 150,000, na mteja anapata kurasa mbili: una mistari mingapi, kiasi gani kina kasoro na za aina gani, nini kitahitaji daftari la karatasi, na bei ya kazi nzima ni ipi. Akitaka kumpelekea mtu mwingine kurasa hizo, ni zake, amezilipia.

Bei yenyewe naipata kwa kukadiria saa, mara 50,000, halafu naongeza asilimia 30. Hiyo 30 inalipia ukweli kwamba makadirio yangu siku zote yanakosea upande mmoja. Kisha karatasi isiyozidi ukurasa mmoja: faili zipi zinaingia (kwa majina na tarehe zake), ripoti ngapi, nani anaamua majina mawili yakifanana, na kwamba faili itakayoletwa baadaye ni kazi nyingine. Kipengele hicho cha mwisho ndicho kinachookoa. Mteja haleti faili ya pili kwa ubaya, huwa ameisahau kwenye laptopu ya shemeji.

Arubuni asilimia 40 kabla ya kuanza, 40 mteja akiona data yake ikifanya kazi, 20 baada ya wiki mbili za matumizi. Kuna wenzangu wanaoweka kufuli ndani ya mfumo, malipo yasipokuja unajifunga. Sifanyi hivyo na sishauri. Madeni ya watu na kumbukumbu za wagonjwa si vitu vya kuvishika mateka, na kijiji chetu ni kidogo, habari itakutangulia kwa mteja anayefuata.

Kwa mwezi

Hapa unauza utulivu. SACCO, kliniki, shule: mfumo upo, unafanya kazi, na wanachoogopa ni siku utakaposimama. Ninatenga saa sita kwa mwezi kwa 45,000, jumla 270,000, ambayo ni nafuu kidogo kwa sababu nina uhakika nayo. Ndani yake kuna bekapu, watumiaji wapya, nywila zilizosahaulika, ripoti ndogo ndogo. Mfumo mpya wa mikopo haumo, huo ni kazi nzima yenye kotesheni yake.

Tatizo lake ni la ajabu: ukifanya kazi vizuri unaonekana hufanyi kitu. Mwezi wa nne mweka hazina atauliza, "Tunamlipa huyu kwa lipi?" Nilipoteza mteja mmoja hivyo. Sasa kila mwisho wa mwezi napeleka ukurasa mmoja: bekapu zilizochukuliwa, tarehe niliyojaribu kuirudisha moja kwenye mashine nyingine na kuona inafunguka, ukubwa wa hifadhidata, na nilichorekebisha. Kuirudisha ndiko muhimu. Bekapu ambayo haijawahi kurudishwa hujui kama ni bekapu.

Weka pia saa za kupigiwa. Bila hivyo 270,000 itakununua hadi kwenye harusi ya dada yako.

Kazi ya Hajji ikiwekwa kwenye mizani

Nimeipiga hesabu upya ile kazi kwa namna nne. Ya mwisho ndiyo ambayo ningeifanya leo.

| Njia | Hajji angelipa | Saa zangu | Ninachopata kwa saa |
|---|---|---|---|
| Kazi nzima, bila kuiona data (kama nilivyofanya) | 800,000 | 71 | 11,268 |
| Kwa saa, tangu mwanzo hadi mwisho | 3,550,000 | 71 | 50,000 |
| Kwa mwezi | haifai, kazi ina mwisho | – | – |
| Mseto | 1,910,000 | 34 | 56,176 |

Mstari wa pili unaonekana mzuri hadi ukumbuke kwamba ikifika milioni moja na nusu Hajji angenisimamisha, na angekuwa sahihi. Angebaki na nusu kazi, mimi na nusu ya jina.

Mseto unaenda hivi. Kuangalia, 150,000. Majedwali na ripoti, saa 14 na nyongeza ya asilimia 30, ni 910,000 bei moja. Kusafisha ni kwa saa, lakini ule usiohitaji fundi anaufanya mwenye data: nampa binti orodha ya madeni yenye utata, kolamu moja ya kuandika USD (dola) au UGX (shilingi), naye anakaa na madaftari yake siku nne. Kati ya saa 57 mimi nabaki na 17 za kukagua na kuunganisha majina, 850,000. Yule binti aliwajua wale wateja kwa sura. Mimi nilikuwa nabahatisha kwa bei ya juu.

Bado 1,910,000 ni zaidi ya mara mbili ya niliyotaja kaunta siku ile. Je, angekubali? Labda angeanza na madeni tu, mengine ayaache hadi mwaka ujao. Hiyo nayo ni bei ya haki.

Akisema ni ghali

Mtu mzima akikuomba umpunguzie, kumkatalia kavukavu ni utovu wa adabu, na kukata saa yako ni kujikata mkono. Sokoni mama wa nyanya ameshalitatua hili. Bei ya fungu haiteremshi, anakuwekea nyongeza. Mimi nyongeza yangu ni mafunzo ya saa mbili, nayo niliyaweka akilini tangu mwanzo. Akihitaji kupungua zaidi tunapunguza kazi pamoja: ripoti tano ziwe tatu, miaka sita ya kumbukumbu iwe miwili. Mzee akiona kwamba kila shilingi anayoiondoa inaondoka na kitu, mara nyingi anairudisha mwenyewe.

Makato ambayo lazima yawe kwenye kotesheni

Mteja ambaye URA imemteua kuwa wakala wa kodi ya zuio atakukata asilimia 6 malipo yakizidi milioni moja. Kwenye 1,910,000 hiyo ni 114,600, na utapokea 1,795,400. Pesa hiyo haijapotea, inahesabika kwenye kodi yako ya mwaka, mradi udai cheti chake siku hiyohiyo. VAT ya asilimia 18 iandike tu kama umesajiliwa. Na ukilipwa kwa simu, kutoa pesa kuna tozo ya serikali ya asilimia 0.5 juu ya ada ya mtandao. Kwa malipo ya milioni mbili tatu, omba benki.

Kuna gharama moja isiyoonekana kwenye risiti. Faili za SACCO na kliniki zina NIN, namba ya kitambulisho cha taifa, zile herufi na tarakimu 14 zinazoanza na CM au CF, zina simu, zina magonjwa. Tangu sheria ya ulinzi wa data ya 2019, anayezishughulikia ana wajibu, wewe ukiwemo. Flashi ya namna hiyo haiendi mkahawani. Diski iliyofungwa kwa nywila na saa moja ya kufuta nakala baada ya kazi naziingiza kwenye makadirio kama saa nyingine yoyote.

Nani apewe ipi

Duka la jumla na mteja wa mara ya kwanza: kuangalia kwa malipo, kisha mseto. Shirika lenye manunuzi: kazi nzima, na uombe kuiona data kabla ya tarehe ya mwisho ya kotesheni. Wakikataa, andika idadi ya mistari unayoikadiria na bei ya kila mistari elfu moja itakayozidi. SACCO, shule na kliniki: kazi nzima ya kujenga, halafu mwezi. Mteja wa nje: saa. Rafiki: ama bei kamili ama bure kabisa. Bei ya katikati ndiyo inayovunja urafiki, kila mmoja anaamini yeye ndiye aliyesaidia.

Wapo wanaosema toza kulingana na faida mteja atakayopata, asilimia fulani ya madeni yatakayokusanywa kwa mfano. Kwa nadharia ni tamu. Kwa vitendo utahitaji Hajji akufungulie vitabu vyake, na siku hiyo siioni ikija.

Mwaka huu Hajji amefungua tawi Koboko. Aliniita, akaweka flashi palepale juu ya kaunta. "Kama ile ya kwanza, mwanangu. Kiasi gani?"

"Hajji, nipe laki moja na nusu niiangalie kwanza, ndipo nikuambie."

Akacheka hadi wapagazi wakageuka. "Kuangalia nako kuna bei?"

Binti yake hakuinua macho kwenye kompyuta. "Baba, mlipe. Umesahau zile 350?"

Akahesabu laki moja, akasita, akaisukuma kwangu pamoja na katoni moja ya sabuni. Nikazipokea zote mbili.